Baraji ya Udongo Haivunjiki Siku Moja



Hapa Mumosho, mtu akisikia neno "baraji" anawaza palepale Ruzizi II: umeme, turbini, na nyaya zenye zinapita juu ya vichwa vyetu. Leo nataka tuongee juu ya ndugu yake mdogo mwenye hakuna anayemtembelea: baraji ya udongo. Ni ule ukuta wenye mtu anajenga kwenye bonde kwa jembe na kitoroli, anashindilia, anapanda majani juu, maji yanasimama. Ukihesabu baraji zote za dunia, nyingi ni za udongo ao za mawe yaliyorundikwa, si za beto. Na kila mwenye bwawa la samaki kwenye mabonde yetu iko na baraji ya udongo, hata kama yeye haiite vile.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kwa Kiswahili cha Kenya na Tanzania, "bwawa" ni maji na ukuta pamoja. Sisi huku tunatenganisha: bwawa ni maji, baraji ni ukuta. Nitafuata ya kwetu, juu leo shida yetu ni ukuta.

Sababu ya kuandika ni hii. Wakati nilikuwa kwa staji ya agronomia, tulifuatilia mabwawa matatu ya tilapia kwenye bonde moja. Yalijengwa na mradi wenye ulikuwa umekwisha kuondoka. Ukuta wa bwawa la juu ulikuwa na kimo cha mtu, na watu walipanda migomba juu yake, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa mzuri. Mama mmoja mwenye shamba la maharagi chini ya bwawa alinionyesha mahali penye palikuwa panalowa hata wakati wa kiangazi. Nikaandika ndani ya kaye yangu: "unyevu, chini ya ukuta, upande wa kushoto." Nikatia tarehe. Nikafunga kaye.

Mvua ya Novemba ikakuja, ukuta ukatoboka usiku. Hakuna mtu aliyekufa. Samaki walikwenda, na shamba lote la yule mama likafunikwa na matope. Asubuhi akaniangalia, akasema: "Mtoto wangu, si nilikuonyesha?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika vizuri kabisa, lakini sikumwambia mtu.

Tangu siku ile nilianza kusoma historia ya baraji za udongo zenye zilivunjika. Nilikuwa nafikiri nitakuta habari za mvua kubwa. Mvua iko, ni kweli. Lakini nyuma ya mvua nilikuta mara nyingi miaka ya vitu vidogo vyenye kila mtu aliviona.

Historia yenye ilinifundisha kupita zote ni ya Marekani, kwa jimbo la Pennsylvania. Serikali ya jimbo lile ilianza kujenga baraji ya udongo ya South Fork mwaka 1838, kwa kulisha mfereji wa mashua za mizigo. Kazi ilimalizika tu 1853. Wakati ule treni ilikuwa inakamata kazi ya mashua. Kwa hiyo baraji ilizaliwa, na palepale ikakosa kazi. Mwaka 1857 kampuni ya reli ikanunua mfereji wote, na baraji ikaingia ndani ya biashara ile kama kikapu kyenye mtu anapewa juu ya bei. Mwaka 1862 sehemu moja ya ukuta ikabomoka. Maji yalikuwa kidogo, hasara ikawa kidogo, watu wakasahau.

Mwaka 1875 ikauzwa tena. Mwenye mpya akatoa mabomba ya chuma yenye yalipita chini ya ukuta, akayauza kama chuma chakavu. Simameni hapo kidogo: yale mabomba njo yalikuwa njia ya kushusha maji wakati bwawa linajaa kupita kiasi. Kisha 1879 ikauzwa tena, ikafika mikononi mwa klabu ya matajiri wa Pittsburgh wenye walitaka mahali pa kuvua samaki na kupumzika. Hao waliziba pengo la ukuta, lakini mabomba hawakuyarudisha. Walipunguza kidogo kimo cha ukuta ili magari ya farasi yapite vizuri juu yake. Na kwenye njia ya maji ya ziada, ile mafundi wetu wanaita troplen, waliweka vyuma kama wavu ili samaki wao wasitoroke.

Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikanyesha. Ule wavu ukashika matawi na takataka, njia ya maji ya ziada ikaziba, na mabomba ya kushusha maji hayakuwa tena. Maji yakapanda, yakapita juu ya ukuta, na baraji ya udongo haivumilii kitu kile: maji yakipita juu yake yanaukata ukuta kama kisu kwenye sabuni. Watu walituma habari kwa telegrafu, lakini mji ulikuwa umezoea kusikia kila mwaka kwamba baraji itavunjika. Mji wa Johnstown ulikuwa karibu kilometa 23 chini. Watu 2,209 walikufa.

Kwa miaka ile yote, hakuna mtu aliyeamka asubuhi na nia ya kuua mji. Mmoja alitaka feza ya chuma. Wengine walitaka barabara nzuri. Wengine walitaka samaki. Kila moja ni uamuzi wa siku moja, na kila moja ukiutazama peke yake unaonekana mdogo. Kila mwenye mpya alipokea maji, lakini hakupokea kumbukumbu: kwa nini mabomba yaliwekwa, kwa nini ukuta ulikuwa na kimo kile, pale palibomoka 1862 palizibwa na nini. Baraji ilibadilisha mikono mara nyingi, na kila mara kitu fulani kilibaki nyuma.

Bon, nyinyi wa fakulte zingine mutaniuliza: udongo ni udongo, kwa nini mmoja unashika maji na mwengine unabomoka? Hapa wacha agronomia iseme kidogo.

Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo sana zenye zinashikamana. Ukishindiliwa tabaka kwa tabaka ukiwa na unyevu wa kadiri, maji yanapita kwa shida. Udongo wa vumbi laini, wenye ukiukamata kwa mkono unakuwa kama unga, hauna ile gundi. Maji yakipata njia ndani yake, yanabeba chembe moja moja. Njia inakuwa tundu, tundu linakuwa bomba, na bomba linakula ukuta kutoka ndani wakati juu majani yangali mabichi. Maenjenia wa Kifaransa wanaita kitu kile "mbweha", juu maji yanachimba kama mnyama. Mzizi wa mti wenye umeoza unamfungulia mbweha mlango. Shimo la panya ao la kaa vilevile. Ile migomba ya bonde letu ilikuwa mizuri kwa macho, lakini chini ilikuwa inatengeneza njia.

Tena mbweha akianza, haongopi mtu mwenye diploma. Baraji ya Teton, kwa jimbo la Idaho, Marekani, ilikuwa mpya kabisa, yenye kimo cha zaidi ya mita 90, imejengwa na serikali yenye mafundi wengi. Ilivunjika tarehe 5 Juni 1976, wakati ilikuwa inajazwa kwa mara ya kwanza, na sehemu ya udongo wake ilikuwa ule wa vumbi laini. Asubuhi waliona maji ya matope yanatoka kwenye ukuta. Wakatuma tingatinga kuziba, tundu likazimeza. Mbele ya saa sita ya mchana baraji ilikuwa imekwenda. Watu 11 walikufa, na wangekuwa wengi zaidi kama watu wa chini hawangeambiwa wakimbie.

Shikeni neno moja kwenye historia ile: matope. Karibu kila baraji ya udongo inatoa maji kidogo chini yake, na maji safi yenye hayaongezeki ni kitu cha kufuatilia tu. Maji yakianza kuwa na rangi ya udongo, maana yake ukuta unatoka pamoja nayo. Kwa hapo haiko tena kazi ya kaye. Ni kazi ya kukimbia na kuita watu.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Kule Solai, kaunti ya Nakuru, Kenya, kuna shamba kubwa lenye lilikuwa na mabwawa kadhaa ya kumwagilia. Mwaka 2018 mvua za Machi mpaka Mei zilikuwa kali Kenya nzima. Usiku wa tarehe 9 Mei baraji moja, ile ya Patel, ikavunjika. Maji yakashuka juu ya vijiji vyenye vilikuwa chini, watu wangali ndani ya nyumba zao. Watu 48 walikufa, na wengi kati yao walikuwa watoto na akina mama. Baada ya msiba, mamlaka ya maji ya nchi ilisema baraji za shamba lile hazikuwa na kibali. Wakaaji nao walieleza waandishi wa habari kwamba usalama wa baraji ile ulikuwa ukiwasumbua tangu mbele. Kesi ya kuua bila kukusudia ilifunguliwa juu ya mwenye shamba na maofisa kadhaa wa serikali, ikazunguka mahakamani miaka.

Mimi sio hakimu, na kesi ina wenyewe. Kitu chenye kinanishika ni hiki: baraji haikuwa imefichwa. Ukuta wa udongo hauwezi kufichwa. Watu waliuona kila siku wakienda shamba, watoto waliuona wakienda masomo. Lakini kuona kwa mtu wa chini na kusaini kwa mtu wa ofisi ni vitu viwili, na katikati yao mara nyingi hakuna daraja.

Na hapo njo tunafika kwetu sisi watu wa inivasite, juu tunapenda kufikiri kwamba daraja lile ni sisi. Angalieni Derna, mji wa Libya. Baraji mbili zilijengwa juu ya mji miaka ya 1970, za mawe yaliyorundikwa na udongo wa mfinyanzi ndani. Nyufa zilijulikana tangu 1998. Kontra ya kutengeneza ilipewa kampuni ya Uturuki mwaka 2007. Kazi ikachelewa, na 2011 vita ikakuja, mafundi wakaenda, hawakurudi. Mwaka 2022 mwalimu wa inivasite, Abdelwanees Ashoor, akatoa makala ya kisayansi akisema kwamba gharika kubwa ikija, matokeo yatakuwa mabaya sana kwa watu wa bonde na wa mji, na kwamba baraji zinaomba matengenezo bila kukawia. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 tufani Daniel ikafika. Baraji zote mbili zikaenda, na mtaa mzima ukabebwa mpaka baharini. Maelfu walikufa. Mwaka 2024 mahakama ya Derna iliwafunga maofisa 12.

Nilisoma habari ile usiku, na nikakumbuka kaye yangu. Mwalimu yule alifanya kazi yake, tena aliichapisha wazi, kila mtu aisome. Mimi hata sikufika pale. Lakini historia zote mbili zinasema neno moja: maandishi peke yake hayashikilie ukuta. Lazima yafike kwa mtu mwenye iko na ufunguo wa kufungua maji, na kwa mtu mwenye analala chini.

Wengine watasema: hayo ni ya Libya na ya Marekani, sisi tuko na mabwawa madogo tu. Nawajibu kwa vitu viwili.

Cha kwanza, inchi yetu yenyewe ni mtoto wa baraji. Zamani sana maji ya huku yalikuwa yanaelekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zikamwaga mawe ya moto, zikafunga bonde. Maji yakapanda, ikawa Ziwa Kivu, na mwishowe, miaka karibu 10,000 iliyopita, ziwa likafurika upande wa kusini na kutokea pale Bukavu. Ule mfuriko njo Ruzizi yetu, yenye inashuka karibu mita 700 mpaka Tanganyika. Watu walijenga Ruzizi I mwaka 1958, kisha Ruzizi II mwaka 1989, yenye inaendeshwa na SINELAC, kampuni ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kazi zile kubwa ziko na maofisi, maenjenia, mikutano ya inchi tatu. Hata hivyo, chupa za plastiki zenye tunatupa Bukavu zimekwisha kusumbua turbini za Ruzizi I mara mingi. Kama takataka zinaweza kushinda baraji yenye iko na walinzi, muwaze troplen ya bwawa la bonde lenye haliko na mtu hata mmoja. Wavu wa Johnstown uko karibu sana.

Cha pili ni mvua yetu. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, maji na udongo wa milima vilishuka, na zaidi ya watu 400 walikufa. Haikuwa juu ya baraji kuvunjika. Ilikuwa milima yenye miteremko mikali, na mvua. Sasa chukueni milima kama ile, mvua kama ile, na katikati muweke ukuta wa udongo wenye ulijengwa na mradi wenye ulikwisha, na mwenye wa sasa hajulikani. Nyumba zinaongezeka kila mwaka kwenye mabonde, juu watu wanatafuta pa kukaa. Bwawa lenye lilijengwa juu ya shamba tupu, leo liko juu ya watoto wenye wanalala.

Basi tufanye nini? Sitaki kumaliza na maneno ya semina. Nasema vitu vyenye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kufanya bila budje.

Baraji ya udongo iwe na mwenye, kwa jina, si "mradi" wala "komite" tu. Mtu huyo awe na kaye ya bwawa, na siku anahama, kaye inabaki kwa mwenye mpya mbele ya mashahidi, sawa vile hati ya shamba. Johnstown ilikosa kitu kile.

Tembea chini ya ukuta, si juu tu. Wageni wanapiga picha juu, lakini ugonjwa unaonekana chini. Nenda baada ya kila mvua kubwa. Maji ni safi ao ya matope? Yameongezeka? Udongo umejikunja, umetoa ufa, umeshuka? Andika, tia tarehe, kisha umwambie mtu siku ileile.

Juu ya ukuta panda majani yenye yanafunika udongo, si migomba, si miti. Mti mkubwa wenye umekwisha kuwa pale, usiung'oe ovyo na kuacha shimo, itisha fundi. Mashimo ya panya yafungwe kwa udongo wa mfinyanzi wenye umeshindiliwa.

Njia ya maji ya ziada ipite kwenye udongo mgumu wa asili, pembeni ya ukuta, na isafishwe kila wiki wakati wa mvua. Hata kwa bwawa dogo, ukuta ubaki sentimeta 30 mpaka 50 juu ya maji. Mtu akitaka kuongeza maji ili apate samaki wengi, anakula ile akiba. Mbele ya mvua za Septemba, shusha maji kidogo.

Na la mwisho, lenye linanihusu mimi: watu wa chini wajue. Wajue ni nani wa kupigia simu, na wajue wakimbilie upande gani, yaani kupanda kando ya bonde, si kufuata maji. Na wao wakisema "pale panalowa", neno lao liingie ndani ya kaye kama kipimo, sawa na kipimo cha enjenia.

Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Johnstown na Solai wanatuonyesha kwamba kuna ukuta wenye ukianguka, unaweza kukosa mtu wa kuujenga tena.

Mwaka jana nilirudi kwenye lile bonde. Ukuta ulijengwa upya, migomba haiko tena. Nilikwenda kumsalimia yule mama, nikamuomba msamaha, kitu chenye nilipaswa kufanya tangu mbele. Alicheka, akanipeleka chini ya ukuta, akaninyooshea kidole mahali pengine. Tukaangalia pamoja: maji kidogo, safi. Niliandika. Kisha tukapanda sisi wawili mpaka kwa mwenye bwawa, na mama njo alianza kuongea.